Mikono ya mchungaji ilishuka: barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Baba Askofu, Mkuu wa Jimbo, wachungaji wetu, nanyi wazee wa kanisa wenzangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa usharika, Mlutheri tangu ubatizo. Kazi yangu kanisani ni kuandaa Meza ya Bwana. Niliirithi miaka 11 iliyopita kwa bibi mmoja ambaye ameshalala katika Bwana. Nawaandikia kwa sababu ya mambo ya Jumapili ya mavuno mwaka jana, tulipoikatiza ibada kumpokea mgeni rasmi, na kwa sababu mavuno ya mwaka huu yanakaribia na kamati imeshaanza kuulizana nani awe mgeni rasmi. Nilitaka jambo hili tulimalize kikaoni. Nilipolitaja niliambiwa liingie kwenye mengineyo, na mengineyo hatukuyafikia.

Siku ile niliingia sakristia, chumba cha kuandalia vyombo vya ibada, saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Bibi aliyenifundisha alikuwa na utaratibu wake, nami sijauacha. Unanawa mikono kwanza, hata kama umetoka kuoga sasa hivi. Ukishashika kikombe huongei. Kitambaa cheupe kinapigwa pasi Jumamosi jioni na kukunjwa mara tatu, ili kikifunguliwa mkunjo wa kati ukae katikati ya Meza. Divai iliyobaki kikombeni haimwagwi kwenye sinki. Inapelekwa nje, chini ya mti, mahali pasipokanyagwa na mtu. Nilipomuuliza kwa nini hatuongei alinijibu kwa swali: "Mwanangu, ukimwandalia mgeni chakula, unasengenya watu juu ya sahani yake?"

Ibada ya pili ilikuwa ianze saa nne. Kengele ikalia, kwaya ikajipanga mlangoni, mchungaji akawa tayari amevaa. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akaja mbio: mgeni yuko njiani, tumsubiri kidogo. Tukasubiri. Kwaya ya vijana iliimba nyimbo zake zote, ikarudia. Watoto wa Shule ya Jumapili, waliokariri mistari yao wiki nzima, wakaanza kulala mapajani mwa mama zao. Mkate ulikuwa umeshawekwa Mezani, na mimi nilisimama pembeni nikifukuza nzi waliokuwa wakizunguka kitambaa.

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo jingine, na hili ni langu, sitalitupia mtu. Ililetwa seti ya sofa za kukodi, zikapangwa karibu na madhabahu zikitazama watu. Benchi la kwanza upande wa kushoto hukaa wazee wetu wasiosikia vizuri. Nikaambiwa niwahamishe ili waliofuatana na mgeni wapate nafasi. Nikawahamisha. Kuna bibi mmoja anayetembelea fimbo. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka benchi la nane, nyuma ya nguzo. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama mahubiri yatasikika kutokea pale. Nikamwambia yatasikika. Nilimdanganya, na nilijua kwamba ninamdanganya. Baadaye nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, akanikaribisha uji.

Saa tano na dakika kumi mchungaji alisema tuanze. Nilimshukuru Mungu kwa ujasiri wake. Tukaungama, tukasoma, akahubiri kwa kifupi, tukafika kwenye Chakula cha Bwana. Akanyanyua mikono: "Inueni mioyo yenu." Tukaitikia: "Tunaiinua kwa Bwana." Hapo hapo honi zikalia getini. Mshereheshaji wa harambee, aliyekuwa ameketi karibu na spika, akashika kipaza sauti: "Wapendwa, tusimame wote tumpokee mgeni wetu rasmi!" Kanisa zima likasimama. Vigelegele vikapigwa, kinanda kikapigwa, simu zikainuliwa juu kupiga picha. Niligeuka nikamtazama mchungaji. Alikuwa bado ameinua mikono. Alikaa hivyo kitambo, kisha akaishusha taratibu, akarudi hatua moja nyuma ya Meza, akasimama akisubiri kama mtu aliyefika nyumba ya watu bila taarifa.

Ningeweza kusamehe kuchelewa. Ningeweza kusamehe sofa. Lakini ile mikono iliyoshuka sijaweza kuisahau, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unatuambia tumtolee Mungu ibada ya kumpendeza, "pamoja na unyenyekevu na kicho". Neno kicho tumeliacha kwenye Biblia. Hatulitumii tena sokoni wala nyumbani. Linatokana na kitenzi kilekile tulichonacho katika "mcha Mungu". Kumcha ni kumwogopa mtu kwa namna ambayo humwachii kiti chake mwingine. Ukitaka kujua mtu anamcha nani, mtazame anapoingiliwa na wawili kwa wakati mmoja: ni yupi ataambiwa "ngoja kidogo"? Siku ile, mbele ya watu wote na mbele ya watoto wetu, aliyeambiwa angoje ni Mungu.

Najua wapo watakaosema mama huyu anataka kanisa liwe kimya kama makaburini. Hapana. Napenda ngoma. Napenda kwaya ya akina mama inapoingia ikicheza. Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na mke aliyemdharau ndiye aliyeonekana mjinga. Lakini katika sura hiyohiyo ya 6 ya Samweli wa Pili, Uza ananyoosha mkono kulishika sanduku, anakufa palepale. Furaha ile na kicho kile vimo katika safari moja, barabara moja, sanduku lilelile. Sijawahi kuona vigelegele vikimkosea Mungu. Nilichokiona ni vigelegele vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Wazee wenzangu, tunapenda kuwahubiria vijana habari za Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, kana kwamba kisa kile kiliandikwa kwa ajili ya watoto watukutu. Hebu tukisome tena sisi wenye funguo. Kosa la wale vijana lilikuwa la mpangilio. Mafuta yalipaswa kuteketezwa kwanza kwa Bwana, ndipo kuhani apate fungu lake. Wao walituma mtumishi na uma wenye meno matatu, akadai nyama kabla Mungu hajapewa chake, na aliyesihi kwamba mafuta yateketezwe kwanza aliambiwa atanyang'anywa kwa nguvu. Hawakufunga hekalu wala kuleta sanamu. Sadaka zilikuwa zinaendelea kama kawaida. Wao walijitanguliza tu. Maandiko yanasema dhambi yao ilikuwa kubwa sana mbele za Bwana, kwa maana watu walidharau sadaka ya Bwana.

Sasa angalieni ujumbe ulipelekwa kwa nani. Usiku ule mtoto Samweli alipoitwa, neno alilopewa lilimhusu Eli, mzee mwema, aliyemfundisha kuitikia "Nena, Bwana". Shitaka lake lilikuwa fupi: wanawe walijiletea laana, "wala yeye hakuwazuia". Eli alikuwa amewakemea, tena kwa maneno mazuri. Ila kukemea alikemea, kuzuia hakuzuia. Ndiyo maana barua hii haiendi kwa mshereheshaji. Yule kijana alifanya alichoajiriwa kufanya. Haiendi hata kwa mgeni. Inakuja kwenu, na kwangu niliyehamisha wazee.

Na huyo mgeni, mmewahi kufikiri tulimtendea nini? Aliingia tukiwa katikati ya ibada, tukamketisha kwenye sofa, akapewa risala, akapewa kipaza sauti, akachangia, akapigiwa makofi, akaomba radhi kwamba ana kikao kingine, akaondoka kabla ya baraka. Hakusikia somo hata moja. Hakuungama nasi. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kushiriki Meza. Alikuja kama mfuko akaondoka kama mfuko. Labda mtu yule ana mzigo moyoni. Labda alikuwa na usiku mbaya, ana mtoto mgonjwa, ana jambo alilosaini linalomnyima usingizi. Kila anakokwenda anapewa sofa na risala. Mahali pekee ambapo angeweza kukaa kwenye benchi kama mwanadamu na kuambiwa "dhambi zako zimesamehewa" ni kanisani, na sisi tukamnyima hata hilo.

Nabii Malaki anawauliza makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema: "Haya! Mtolee liwali wako, je! Atakuwa radhi nawe?" Huwa nafurahi kwamba waliotutafsiria Biblia walichagua neno liwali, cheo kilichojulikana pwani tangu enzi za masultani wa Zanzibar, kila msomaji akajua papo hapo anaambiwa nini. Swali la Malaki ni rahisi: usingethubutu kumpa mkubwa wa serikali kitu hiki, unampaje Mungu? Kwetu limetimia neno kwa neno. Liwali alipewa saa yetu bora na kiti bora, na Mungu alipewa dakika zilizobaki.

Naelewa hoja ya dari: kanisa linavuja, na wenye nafasi ndio wanaoweza kutuchangia. Mimi pia nanyeshewa. Najua bei ya mbao, najua bati zile za upande wa kwaya zimeoza, najua kwamba sadaka ya bahasha haitoshi. Sisemi tusiwapokee wenye nafasi wala tusichukue michango yao. Nauliza tu kwa nini lazima wapokelewe katikati ya "Inueni mioyo yenu".

Babu yangu mzaa mama alitoka Kilimanjaro. Alitusimulia jinsi wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walivyoondolewa mwaka 1920, baada ya vita vile vikuu, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji. Hapakuwa na mgeni rasmi wa kumngojea. Watu walibeba mawe kutoka mtoni, kila nyumba na zamu yake, na kengele iligongwa kwa saa ileile iwe wapo watu watano au mia tano. Babu alikuwa mtoto wa mwalimu mmoja kati ya hao. Alichokikumbuka zaidi ni baba yake akifagia kanisa Jumamosi jioni peke yake, akiwa amevua viatu. Alipomwuliza kwa nini havai viatu, aliambiwa kwamba Musa pia alivua. Sijui kama babu alikielezea sawasawa, alikuwa mzee sana alipotusimulia, lakini kila nikifungua sakristia namwona yule mwalimu na ufagio wake.

Na kanisa la Afrika Mashariki linajua vizuri zaidi ya hapa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua mwezi Februari mwaka 1977, wakipinga mauaji na unyama wa askari. Luwum aliuawa tarehe 16 ya mwezi huohuo. Mtu yule alijua sana ni nani anayepaswa kuogopwa. Karibu zaidi na wakati wetu, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama waumini wengine, ila mimbari si yao, na maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo wakasema vivyo hivyo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, liliamua kurudisha mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto alikuwa ameitolea parokia ya Soweto. Walihitaji fedha kama sisi tunavyozihitaji. Parokia ile nayo ilikuwa na nyumba ya padre ya kujenga, na kwaya yake iliyotajwa kwenye mchango. Hata hivyo waliamua kurudisha.

Siwaombi mrudishe fedha. Naomba mambo madogo kuliko hayo.

Naomba mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani, akifika ibada imeanza, aingie kwa mlango kama tunavyoingia sisi, akae benchi lenye nafasi, na mchungaji asigeuke. Akina mama wa mapokezi wanajua kumwonyesha mtu pa kukaa bila kelele. Utambulisho na harambee vifanyike baada ya baraka, ikiwezekana nje chini ya miembe au ukumbini. Aliye na kikao kingine aende kwa amani, tutampelekea risala yake.

Naomba matangazo yapunguzwe. Nimewahi kuangalia saa: matangazo dakika 47, mahubiri dakika 14. Waliochoka hawakuchoshwa na Mungu, lakini watoto hawawezi kutofautisha.

Wapiga picha nao waelekezwe. Kwenye harusi moja mwaka huu nilikuta mfuko wa kamera umewekwa juu ya Meza, karibu na kikombe. Kijana hakuwa na nia mbaya; aliona meza, akaweka mfuko. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni meza ya nani. Nilimwambia, akaomba radhi, tangu siku hiyo hupanda akitembea polepole. Ndipo nilipojifunza kwamba wengi wa hawa vijana hawadharau. Hawajaona tu mkubwa yeyote akiogopa kitu chochote pale mbele.

Kuhusu mnada nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu ndipo mavuno yenyewe yalipo. Siku ile vitu vya watu vilianza kuuzwa saa nane mchana. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, mbuzi wawili, na vitu vilivyoletwa na wenye majina vilitangulia; mshereheshaji alivisifia, watu wakapandishiana bei. Mwishoni kabisa, wakati wengi wameshaondoka, kiliinuliwa kikapu kidogo chenye mayai kumi na mawili yaliyofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. "Haya mayai ya nani jamani? Tumalize twende zetu!" Yalikuwa ya bibi wa benchi la nane. Alikuwa bado amekaa, ameshika fimbo, akitazama kikapu chake. Kilinunuliwa kwa shilingi 5,000 na mtu aliyekuwa tayari amewasha pikipiki. Ana kuku watatu yule bibi. Kukusanya mayai kumi na mawili bila kula hata moja kunamchukua siku nyingi, na aliyabeba kwa mguu kutoka bondeni.

Bwana wetu aliketi kuielekea sanduku ya hazina akatazama jinsi watu wanavyotoa. Alimwona mjane na senti zake mbili, akawaita wanafunzi waje wamwone. Mwaka huu nauliza kama tunaweza kuanza na vikapu vidogo, watu wakiwa bado wamejaa, na kila aliyeleta atajwe kwa heshima ileile. Kama mbuzi watauzwa mwisho, watauzwa tu, mbuzi hawakosi mnunuzi.

Kuna neno moja zaidi, na hili naomba lisomwe na mhazini. Sofa zile zilikodiwa kwa fedha taslimu, zikalipwa siku ileile. Mwinjilisti wetu wa mtaa alikuwa hajapata posho yake kwa miezi mitatu. Anatembea kwa baiskeli kuzika wafu wetu na kuwaombea wagonjwa. Mke wake hakuniambia kwa kulalamika. Nilijua siku alipokuja kukopa unga. Kumtumikia Mungu kwa kicho kumo pia kwenye daftari la mapato na matumizi, katika mstari unaolipwa kwanza na ule unaoambiwa usubiri.

Mchungaji wetu mpendwa, kama unasoma hapa, sikulaumu. Niliona uso wako. Ulikuwa peke yako mbele ya kanisa lililosimama, na hakuna mzee hata mmoja aliyesogea kukipokea kile kipaza sauti. Ilikuwa kazi yetu kukizuia, nasi tulikuwa tunapiga makofi. Ukiinua mikono tena mwaka huu, usiishushe. Waache wanaosimama wasimame, wewe endelea na sala. Mimi nitaitikia, na najua wazee wa benchi la kwanza wataitikia, maana safari hii watakuwa wanasikia.

Jumapili ya mavuno nitakuwa sakristia saa kumi na mbili asubuhi. Kitambaa kitakuwa kimeshapigwa pasi. Benchi la kwanza upande wa kushoto nitalifuta vumbi mwenyewe, nitaweka mto kwa ajili ya bibi wa fimbo, nitakwenda kumchukua kwake mapema ili asitembee na kikapu peke yake. Nikiambiwa tena niwahamishe wazee, sitawahamisha. Nimeliandika hapa mapema ili siku hiyo asiwepo wa kushangaa wala wa kunong'onezana nami sikioni ibada ikiendelea.

Wenu katika utumishi,
Mama wa sakristia